Maswali ya tagi za nyimbo: jamani andikeni majina ya watu

Maswali yamejaa, leo najibu ya tagi tu, yani yale maandishi ya ndani ya faili yanayosema wimbo wa nani, albamu gani, mwaka gani.

Nimebadilisha majina ya nyimbo zote kwenye flashi lakini redio ya gari inaonyesha yaleyale ya zamani. Flashi imekufa? (Dodoma)

Flashi nzima. Jina la faili na tagi ni vitu viwili tofauti, nimeshalisema hili mpaka nimechoka. Redio inasoma tagi. Fungua programu ya Mp3tag kwenye kompyuta, badilisha humo, seivu. Swali hili lisirudi tena tafadhali.

Kwenye simu jina la wimbo linatoka lote, kwenye gari linakatika katikati. Kwa nini? (Nakuru)

Redio yako inasoma tagi ya kizamani, ID3v1 ya mwaka 1996, ile inayokaa kwenye baiti 128 za mwisho wa faili. Humo jina la wimbo lina herufi 30 basi, msanii 30, albamu 30. Simu inasoma ID3v2 ambayo inakaa mwanzoni mwa faili na haina kubana hivyo. Mara nyingi tatizo ni kwamba tagi imeandikwa kwa ID3v2 toleo la 2.4 na redio nyingi za zamani hazilielewi, kwa hiyo inarudi kwenye ID3v1. Ingia kwenye mipangilio ya programu, chagua 2.3, seivu nyimbo upya. Ikigoma bado, fupisha majina, hiyo redio ndo ilipofikia.

Nimeshusha singeli nyingi, kila wimbo una jina la tovuti kwenye albamu, kwenye comment, mpaka kwenye jina la wimbo, na kava ni nembo yao. Nafutaje zote kwa mpigo? (Temeke)

Kwanza kopi folda nzima uweke pembeni, usicheze na faili zako pekee ulizonazo. Halafu kwenye Mp3tag chagua zote, upande wa kushoto kwenye Album na Comment chagua blank. Usiguse hivyo Title wala Artist maana utafuta majina ya nyimbo zote kwa sekunde moja na watu wanalia kila siku kwa hilo! Kwa Title tumia Actions, chagua Replace, andika maneno ya tovuti kama yalivyo, nafasi ya kubadilishia iache tupu. Kava libonyeze kulia uliondoe.

Sasa niseme la moyoni. Hawa wanaogonga jina la tovuti yao kwenye kila kisanduku wanaharibu kazi za watu. Nimefungua faili moja juzi, kisanduku cha mtunzi kina anwani ya tovuti, kisanduku cha msanii kina jina la msanii limeunganishwa na anwani ya tovuti, mwaka hakuna, prodyuza hakuna. Kijana kakesha studio anatengeneza biti, wimbo unazunguka kwenye simu za nchi nzima, na jina lake halipo popote ila lipo la mtu aliyebonyeza kitufe cha kupandisha. Na wewe kama wimbo unauzwa, nunua, tagi zake huwa safi zaidi.

Nikiedit tagi sauti inapungua ubora? (Arusha)

Hapana. Kinachoshusha sauti ni kugeuza MP3 kuwa MP3 nyingine, hiyo acheni.

Albamu moja inagawanyika vipande kumi kwenye simu sababu ya kolabo. (Mombasa)

Kisanduku cha Album Artist kiko tupu. Weka humo jina la mwenye albamu kwa nyimbo zote, jina lilelile herufi kwa herufi, wageni wabaki kwenye Artist.

Nakusanya nyimbo za Msondo alizopenda marehemu baba. Simu inazionyesha kama bendi tatu, NUTA, JUWATA na OTTU. Niandike zote Msondo Ngoma? (Morogoro)

Pole kwa baba, na hapana, usifanye hivyo. Bendi ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, chama kikibadilika jina na bendi inabadilika. Kwa hiyo neno NUTA kwenye Artist linakwambia wimbo ni wa kipindi gani, na ukilifuta umefuta historia. Acha Artist ilivyokuwa wakati wa kurekodi, halafu kwenye Album Artist weka Msondo Ngoma kwa zote, zitakaa pamoja.

Na usiishie jina la bendi. Mwimbaji Muhidin Gurumo alijiunga na NUTA 1964, akaenda Mlimani Park 1978, akaenda Orchestra Safari Sound 1985, baadaye akarudi Msondo. Ukiandika Gurumo peke yake kwenye Artist umechanganya bendi tatu, ukiandika bendi peke yake umemfuta yeye. Mtunzi ana kisanduku chake, Composer, waimbaji waandike kwenye Comment, mpiga solo pia kama unamjua. Aliyeimba sio lazima awe ndo katunga, kama huna uhakika acha wazi, usibahatishe. Gurumo alifariki 2014 na wenzake wengi wametangulia, wazee wanaojua nani alipiga nini wanapungua, waulize sasa hivi uandike.

Kuna programu inayojaza tagi yenyewe? (Kigoma)

MusicBrainz Picard, inasikiliza sauti ya faili inalinganisha na kumbukumbu zake. Kwa nyimbo za Ulaya na Marekani iko vizuri, kwa zilipendwa na taarabu kagua kila mstari kabla hujaseivu. Ukikuta wimbo haupo fungua akaunti uuongeze mwenyewe, inaruhusiwa.

Taarabu haipo kwenye listi ya genre, niweke World? (Tanga)

Usiweke World. Ile listi ya ID3v1, ambayo kila aina ya muziki ina namba yake, ilianza na aina 80, wakaongeza, na taarabu, dansi wala singeli hazimo. Lakini ID3v2 inakuruhusu kuandika neno lolote unalotaka, futa uandike Taarabu kwa mkono wako, na kama ni rusha roho andika rusha roho.