Abbesses na magoti ya mama

Dada, umeuliza kama mama yako mwenye magoti mabovu anaweza kushukia kituo cha metro cha Abbesses, kule Montmartre, Paris. Anaweza, ila asithubutu zile ngazi za mzunguko! Kituo kiko mita 36 chini ya ardhi. Kwa muda mrefu kilikuwa kituo chenye kina kikubwa kuliko vyote vya metro ya Paris. Michoro ya ukutani kwenye ngazi hizo inavutia, watu wanaifuata, katikati pumzi zinakata. Subirini lifti.

Mkitoka nje, geukeni mtazame lango: chuma cha kijani kilichojipinda kama mmea utambaao, juu paa la vioo. Ni kazi ya msanifu majengo Mfaransa Hector Guimard, ilihamishwa hapo 1974 kutoka kituo cha metro cha Hôtel de Ville. Mabenchi yapo palepale uwanjani.