Kushuka Lushoto hadi Mombo kwa baiskeli: maliza breki kabla ya kona

Barabara ya Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33 hivi, na ukitokea juu karibu yote ni mteremko. Unaondoka kwenye baridi ya takriban mita 1,400 na kuibukia kwenye joto la Mombo, mita 400 na ushee. Ni lami, lakini nyembamba, na ukishaupita mji mdogo wa Soni ulio njiani kona zinafuatana, mwamba huku, korongo kule. Watu huniuliza nashukaje bila woga. Woga ninao, tena mwingi. Ila kazi ya breki naimaliza kabla sijaingia kwenye kona.

Baiskeli ikiwa bado wima, minya breki zote mbili. Ya mbele ndiyo yenye nguvu, kwa sababu uzito mwingi unakimbilia mbele, kwa hiyo sogea nyuma kidogo kwenye siti. Ukianza kulala na kona, legeza vidole. Anayekamata breki kwa nguvu akiwa amelala, tairi linateleza, na hapo hapana mjadala. Pedali ya nje ishuke chini na uikanyage kwa uzito. Ya ndani ibaki juu isije ikakwaruza lami. Macho yatangulie kule kona inakoishia. Ukilikodolea shimo, utaingia humo humo.

Usibane breki mfululizo. Rimu hupata moto, na ukizidi, tyubu inaweza kupasuka. Minya, achia, minya tena. Ukisikia harufu ya raba za breki, simama Soni utazame maporomoko ya maji huku rimu zikipoa. Siku ya mvua anza kuminya mapema zaidi, maana raba hazishiki mpaka zifute maji.

Malori ya mboga yaache yaende. Dereva akikata kona hutumia barabara yote, na ukilifuata lori kwa karibu huoni shimo lililo mbele yake. Binafsi nawahofia zaidi bodaboda wanaozima injini kubana mafuta: wanakupita kimya, husikii hata mlio. Kaa kushoto, ila si kwenye changarawe ya ukingoni.

Kabla ya kuondoka, chungulia waya wa breki pale unapoingia kwenye mkono wa breki. Uzi mmoja ukiwa umekatika, mpelekee fundi abadilishe waya wote. Bei yake si ya kubishania.

Mombo simama kabla ya njia panda. Vidole vitakuwa vimekufa ganzi, na barabara kuu ile ina mabasi ya Arusha na Dar yasiyosubiri mtu.