Magic Wand kula shati badala ya anga: jibu refu kidogo

Mkuu, umesema ukibofya anga na Magic Wand (ile tool ya Photoshop ya kuchagua eneo la picha kwa rangi) yanabaki madoadoa, ukipandisha toleransi, yaani kiasi cha tofauti ya rangi inachokubali, inakula mpaka shati la bluu la jamaa. Kwanza ondoa wazo kwamba tool imeharibika, yenyewe haijui anga wala shati, inaona namba tu. Kila pikseli ina namba za nyekundu, kijani na bluu kuanzia 0 hadi 255, sasa ukiwa na toleransi 32 (ndo Photoshop inavyokuja nayo) inachukua zile ambazo namba zake hazijapishana sana na pale ulipobofya, basi. Na anga siyo rangi moja hata kama macho yanakwambia ni moja, juu limekolea, huku chini limepauka karibu na weupe, kwa hiyo bofyo moja halitoshi na ukilazimisha litoshe ndo linahamia kwenye shati.

Mimi huwa nashusha badala ya kupandisha. Weka 15 au 20, bofya, shikilia Shift ubofye sehemu iliyobaki, endelea hivyo hivyo, ikizidi shikilia Alt utoe. Inachosha kidogo ila unakuwa wewe ndo unaamua.

Kitu ambacho watu wengi hawakigusi ni Sample Size pale juu, yaani inasoma rangi ya pikseli ngapi pale unapobofya. Ikiwa Point Sample inasoma pikseli moja tu, na picha ya usiku yenye chenga chenga hiyo pikseli moja inaweza kuwa chenga yenyewe, unabofya ukuta unapata vipele. Weka 5 by 5 Average uone tofauti.

Contiguous: ikiwa na tiki inachukua vilivyogusana tu, ukitoa tiki inazunguka picha nzima. Anga linalochungulia katikati ya majani ya mti, toa tiki. Kwa shati lako iache, labda shati liwe limegusana na anga, hapo lizungushie Lasso (tool ya kuchora eneo kwa mkono) ulitoe. Wanaotumia GIMP, programu nyingine ya picha, hizo ni tool mbili tofauti, Fuzzy Select na Select by Color.

Sasa kama rangi ina mwanga na kivuli achana na Magic Wand. Nilikuwa na kazi ya viatu vyekundu, mteja anataka viwe bluu, ncha ya kiatu inang'aa mpaka imekuwa pinki, ubavuni imekuwa kama damu ya mzee, halafu dada aliyevaa kapaka lipstiki nyekundu ile ile! Nilichofanya nikachora Lasso ya ovyo ovyo kuzunguka viatu kwanza, ndo nikafungua Color Range (iko kwenye menyu ya Select, nayo inachagua kwa rangi), maana ukiwa na eneo umeshachagua inafanya kazi humo ndani tu, lipstiki haiguswi. Kisha kile kidropa chenye alama ya kujumlisha unabofya pinki, unabofya kwenye kivuli, unacheza na Fuzziness, ambayo ni kama toleransi yake. Uzuri wake inachagua hata nusu nusu, kwenye kile kipicha cha mfano, palipo peupe pamechukuliwa pote, palipo kijivu ni kiasi, ndo maana kingo hazikatiki kama zimekatwa na mkasi. GIMP unaweza kuiambia ichague kwa HSV Hue, yaani iangalie aina ya rangi tu bila kujali imekolea au ina giza kiasi gani, kivuli hakiisumbui sana, ila usijaribu kwenye kijivu au nyeusi, itarukaruka tu.

Halafu angalia picha yenyewe imetoka wapi. JPEG inagawanywa vipande vya pikseli 8 kwa 8, ikiwa imebanwa sana zoom pembeni ya shati utaona takataka za rangi zimezagaa, hizo hakuna toleransi itakayozisafisha, omba faili orijino.

Ukishachagua anga, kingo zikibaki na uzi mweupe nenda Select, Modify, Expand pikseli 1, kisha Feather (kulainisha kingo) ndogo sana, na tafadhali lifiche kwa maski, ambayo inaficha bila kufuta, usibonyeze Delete. Na kama ni shati jeupe mbele ya ukuta mweupe usihangaike na rangi kabisa, chukua Pen Tool uchore mwenyewe mstari wa kulizunguka.