Gauni la Kiangazi Hushonwa Mezani Kwanza

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa msomaji wa Arua ambaye alinunua kwenye intaneti paterni (michoro ya karatasi ya kukatia vipande vya nguo) ya gauni jepesi la kiangazi, akaichapisha dukani, akakata kitenge chake kipya kwa uangalifu wote, na mwishowe akapata gauni lisilopita hata mabegani. Alitaka kujua kama kosa ni la cherehani yake ya miguu, ambayo ni ya zamani. Nilimjibu kwamba cherehani haina hatia, nikamwomba apime kwa rula ule mraba mdogo uliochorwa kwenye mojawapo ya kurasa alizochapisha.

Paterni za kuchapisha huwekewa mraba huo ili mtu ahakikishe kwamba mashine haikupunguza mchoro. Karatasi ya Marekani ina upana wa takriban sentimita 21.6, ilhali A4 tunayotumia sisi ina sentimita 21, na mashine isipoelekezwa vinginevyo huubana ukurasa ili uenee. Mraba wake uliopaswa kuwa na sentimita 10 ulikuwa na 9 na nusu. Kwa gauni lenye mzunguko wa sentimita 100 kifuani, hizo ni sentimita 5 zilizopotea kabla mkasi haujashikwa. Kwa hiyo mwambie mwenye duka achape kwa asilimia 100, atoe kwanza ukurasa wenye mraba, uupime palepale, ndipo zifuate kurasa zilizobaki. Akinuna, na anune, kwa maana kitenge ni chako.

Nasema kwa ukali kidogo kwa sababu najua uchungu wa kitambaa kilichoharibika. Nimekulia Walukuba, mjini Jinja, na baba yangu alikuwa mfanyakazi wa Nytil, kile kiwanda cha nguo kilichoko Njeru, ng'ambo ya Mto Nile, hivyo nyumbani kwetu pamba ilikaguliwa kwa vidole kabla ya kusifiwa kwa macho. Pamoja na hayo, nguo zetu zilishonwa na mafundi wa barazani, na hakuna aliyeona sababu ya kubadili jambo hilo. Mimi niliona sababu siku ambayo fundi mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi, alinikabidhi gauni la Idi lililobana kifuani kiasi cha kutofunga zipu, kisha akanieleza mbele ya wateja wake kwamba nilikuwa nimenenepa tangu aliponipima. Alikuwa amenipima juma lile lile. Wateja walicheka, nami nikalipa fedha yote kwa sababu ya aibu, jambo ambalo hadi leo linanichoma kuliko hilo gauni lenyewe.

Sitaeleza namna nilivyopata cherehani wala miezi niliyoitumia kujifunza kunyoosha mshono, kwa sababu hilo kila mtu hulipata kwa mazoezi. Nitaeleza kilichonibadilisha, nacho ni karatasi. Mafundi wetu wengi hupima mwili, huchora kwa chaki moja kwa moja juu ya kitambaa, na hukata. Huo ni ustadi mkubwa, nami sitaudharau kwa ajili ya mtu mmoja, lakini haubebeki; ukitoka barazani kwake unauacha pale. Paterni hubebeka. Ebenezer Butterick, fundi wa Marekani aliyeanza kuuza paterni za karatasi za saizi mbalimbali mwaka 1863, aliuweka ustadi wa kukata katika mikono ya watu waliokuwa na sindano nyumbani bila kuwa mafundi. Mimi ni mmoja wao, na nimejishonea nguo zinazonikaa kuliko zote alizowahi kunishonea yule bwana.

Hata hivyo, karatasi haikujui. Hapa ndipo dada zangu wengi wanapoanguka, kwa sababu sisi tumezoea mivumba, yaani mitumba, na mwanamke aliyezoea kuchagua gauni la Uingereza la saizi 12 huenda moja kwa moja kwenye mstari wa 12 wa paterni. Katika paterni za Marekani kama Simplicity au McCall's, saizi 12 ni ya kifua cha inchi 34, kiuno cha inchi 26 na nusu, na nyonga za inchi 36. Namba hiyo haina undugu na lebo ya mivumba. Chukua futi, jipime ukiwa umevaa sidiria utakayoivaa na gauni hilo, andika vipimo, kisha soma jedwali kana kwamba hujawahi kuwa na saizi yoyote maishani. Ikiwa kifua chako kiko katika safu moja na nyonga katika nyingine, jambo ambalo kwa wanawake wa kwetu ni la kawaida kabisa, chora mstari laini unaotoka saizi moja kwenda nyingine kati ya kwapa na nyonga.

Kuna kipimo kingine ambacho hakuna aliyeniambia, nacho ndicho ninachokiona kuwa siri ya jambo zima. Pima juu ya matiti, chini kabisa ya makwapa, kisha pima penye ujazo wenyewe. Paterni nyingi huchorwa kwa mwanamke ambaye tofauti ya vipimo hivyo viwili ni takriban inchi 2. Aliyejaliwa zaidi akichagua saizi kwa kipimo cha pili atapata kifua kinachomtosha na mabega yanayoteleza. Achague kwa kipimo cha juu, mabega na shingo vikae sawa, kisha aongeze upana kwenye karatasi ya kipande cha mbele, sehemu ya kifua pekee.

Angalia pia kama nafasi ya mshono, yaani ukingo unaoachwa nje ya mstari wa kushona, imo. Paterni za Marekani kwa kawaida huwa nayo tayari, sentimita 1 na nusu, ilhali zile zinazotoka katika jarida la Burda hazina, na asiyeiongeza anajipunja kila upande.

Kitenge ni kitambaa kizuri kwa gauni hili, kwa kuwa ni pamba, kinapitisha hewa, na hakitelezi chini ya sindano, jambo muhimu katika joto letu la Januari na Februari. Kifue na kukianika kabla ya kukikata, kwa sababu pamba hurudi, na ni afadhali irudi ikiwa bado ni yadi kuliko ikiwa gauni. Maelezo ya paterni hutaja kiasi cha kitambaa kwa upana wa aina mbili, sentimita 115 na sentimita 150. Kitenge chetu huwa karibu na ule wa kwanza, kwa hiyo soma safu hiyo. Mshale mrefu uliochorwa kwenye kila kipande lazima ulale sambamba na ukingo wa kitambaa. Na kama kuna ndege kwenye kitenge, hakikisha wote wanaangalia juu, mbele na nyuma.

Kabla ya kukata kitenge, kata shuka kuukuu. Najua hamtaki kusikia hili. Kila ninayemwambia hunijibu kwamba hana muda, na ni huyo huyo ambaye baadaye hupata muda wa kufumua. Tumekuwa watu wa kutaka picha ya nguo kabla ya nguo. Tunaanza Ijumaa jioni ili tuvae Jumapili, kisha tunasema kushona ni kipaji cha wengine. Shona shuka kwa mishono mirefu, livae, inua mikono, keti, na usahihishe karatasi.

Kushona kwenyewe ni kazi fupi: dati za kifua (mikunjo inayoshonwa ili nguo ifuate umbo), mabega, shingo, makwapa, pande, zipu ikiwepo. Piga pasi kila mshono kabla haujakutana na mwingine, na usiache shingo ikining'inia bila mshono wa kuizuia, kwa sababu itapanuka. Wanaoanza wachague gauni lisilo na mikono, na wasithubutu kuanza na gomesi, gauni letu la jadi, ambalo lina mabega yake, mkanda wake na heshima zake.

Upindo wa chini usiupinde usiku ule ule uliomaliza pande. Gauni lenye sketi pana litundikwe hadi kesho yake, kwa maana sehemu zilizokatwa mshazari hushuka. Kisha livae na viatu utakavyolivalia, simama wima, na umwombe mtu mwingine apime kwa rula kutoka sakafuni akizunguka mwili wako wote, akitia pini kila baada ya upana wa kiganja. Ukijiinamia mwenyewe kutazama, nyuma itapanda, na upindo utakuwa umepimwa kwa mtu aliyeinama.