Usianze na chupa ya zamani: kuonja mvinyo Dodoma

Mara ya kwanza kwenda kuonja mvinyo Hombolo nilikosea karibu kila kitu. Niliondoka Dodoma mjini saa sita mchana, nimeshiba mishikaki ya pilipili. Mwenyeji wetu kiwandani aliponiuliza nianze na upi, nikajibu kwa mbwembwe: "Ule wa zamani kuliko yote." Akanimiminia mwekundu mkavu, yaani usio na utamu wa sukari, uliokaa pipani, mchanganyiko wa aina mbili za zabibu, Makutupora na Syrah. Nikakunja uso kama mtoto aliyenyweshwa mwarobaini. Mvinyo haukuwa na kosa. Ulimi wangu ulikuwa umeungua.

Safari ya pili nilifika saa tatu asubuhi, nimekunywa maji tu, na gari ameendesha mtu mwingine. Nakushauri ufanye hivyo hivyo, tena upite shambani kwanza. Mizabibu ya Ulaya hulala msimu wa baridi. Ya Dodoma haina baridi ya kuilaza, kwa hiyo wakulima huipogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Ukibahatika kukuta mavuno, omba punje ya Makutupora uitafune pamoja na ganda na kokwa. Ukakasi ule unaokausha ufizi, kama wa zambarau, utakutana nao tena ndani ya glasi.

Anza na mwekundu wa karibuni, ndipo uje kwenye wa zamani. Wa karibuni una rangi ya zambarau na ukakasi wake unakwaruza. Wa zamani uinamishe glasi juu ya karatasi nyeupe: ukingoni rangi imeanza kuelekea tofali. Ukakasi umelainika, na harufu ya matunda imepisha harufu ya tumbaku, ngozi, hata udongo. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu husubiri miaka. Onja kidogo, zungusha mdomoni, tema. Kutema si dharau, ndoo imewekwa kwa kazi hiyo. Mimi niliona aibu kutema, na glasi ya nne siikumbuki vizuri.

Utasikia kwamba mwekundu hunywewa kwa joto la chumba. Chumba kinachosemwa ni cha Ulaya, si cha Dodoma mwezi wa Novemba! Nyuzi 16 hadi 18 zinatosha. Iweke chupa kwenye friji kwanza ipoe, barafu usitie. Ukiona mashapo chini, mimina polepole uyaache yabaki.

Na ukinunua, usiiweke kwenye buti. Yangu ya kwanza ilishinda juani hadi Morogoro, kizibo kikasukumwa nje kidogo, na nilipoifungua nyumbani ilinuka kama jamu iliyoungua. Ya pili niliizungushia khanga iliyoloweshwa maji, nikaiweka miguuni, kiyoyozi kikiwaka mpaka Dar.