Muulize Anko Takwimu: Dodoso limesema tuko kitu kimoja, mbona kila kundi lina kona yake?

Wiki hii barua karibu zote zimetoka vyuoni na zinauliza kitu kimoja kwa sura tofauti: tutajuaje wanafunzi wanawaza nini kweli kuhusu mambo ya chuo na hii migawanyiko inayosemwa semwa. Basi nimeziweka pamoja, nyingine nimezifupisha maana kuna mtu kaniandikia kurasa nne jamani.

Shikamoo Anko. Mimi ni katibu wa serikali ya wanafunzi, chuo chetu kina wanafunzi kama 6,000. Kuna maneno mengi kwamba watu wamegawanyika, wanafunzi wa kutoka nje ya nchi ndo wanalalamika zaidi kwamba wanatengwa. Tukatengeneza fomu ya Google tukairusha kwenye magrupu ya WhatsApp ya madarasa, wakajibu watu 900, na asilimia 78 wakasema chuoni hamna mgawanyiko wowote. Tulivyobandika matokeo wageni wakaja juu eti tumewazika. Sasa Anko watu 900 si wengi? Tumekosea wapi? – Katibu aliyechoka

Marahaba katibu, pole na kazi. Watu 900 ni wengi ndiyo, ila wingi peke yake haukusaidii kitu kama hujui ni nani kajibu na nani kapita tu. Mwaka 1936 kule Marekani gazeti la Literary Digest lilituma karatasi za kura kama milioni 10 kuuliza nani atashinda urais, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba mgombea Landon anamwangusha rais aliyekuwepo, Roosevelt. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48! Majina walikuwa wameyatoa kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, kipindi hicho cha hali ngumu ya uchumi hao ni watu wa aina fulani, halafu hata kati ya hao waliojisumbua kurudisha karatasi ni wale waliokuwa na hamu ya kusema jambo. Mpima maoni George Gallup na sampuli (yaani watu wachache wanaochaguliwa kuwakilisha wote) ndogo kuliko hiyo kwa mbali akapatia mshindi.

Sasa rudi kwenye magrupu yako. Nani yumo kwenye grupu la darasa na nani alitoka zamani kwa sababu mle ndani watu wanaongea lugha asiyoijua au wanamtania? Huyo anayejisikia katengwa ndo huyo huyo ambaye linki yako haikumfikia, au imemfikia akasema hawa nao watanisaidia nini. Kwa hiyo ile asilimia 78 ni maoni ya watu ambao tayari wako ndani ya mazungumzo, na wao kweli hawaoni mgawanyiko, hawajakudanganya.

Dawa yake ni kuanza na orodha, sio na linki. Omba ofisi ya usajili orodha ya wanafunzi wote (namba tu zinatosha, majina ya nini), kisha chagua kwa bahati nasibu. Kuhusu idadi watu wanahangaika bure, jedwali la ukubwa wa sampuli la watafiti Krejcie na Morgan la mwaka 1970 ambalo kila anayeandika tasnifu analijua linasema chuo cha watu 6,000 kinahitaji sampuli ya 361, na hata kingekuwa na watu 100,000 ni 384 tu. Hapo kosa, yaani jibu lako linavyoweza kupishana na la chuo kizima, linakuwa kama asilimia 5 juu au chini.

Lakini ngoja, usikimbie na 361 yako, maana hapa ndo penye kesi ya wale wageni. Tuseme wako 240 kati ya 6,000, hiyo ni asilimia 4. Ukichota watu 361 bila mpango utapata wageni kama 14 hivi, na kwa watu 14 kosa ni kama asilimia 26 kila upande, yaani wakisema nusu yao wanatengwa ukweli unaweza kuwa robo au robo tatu, hapo umejua nini? Kwa hiyo gawa orodha mbili. Kwenye orodha ya wageni chukua kila mtu wa tatu, unapata 80, kwenye ya wenyeji 5,760 chukua kila wa 18, unapata 320 (wa kuanzia umpate kwa kura, sio kwa jicho). Jumla 400, na sasa wale 80 unaweza kuwasemea kitu, kosa limeshuka hadi kama asilimia 9.

Ila ukishafanya hivyo usijumlishe kijinga. Tuseme wageni 60 kati ya 80 wanasema wanaogopa kuongea kwenye mikutano, na wenyeji 32 kati ya 320. Ukijumlisha tu ni 92 kati ya 400, asilimia 23, utaandika karibu robo ya chuo inaogopa, sio kweli, kwa sababu wageni umewachukua wengi kuliko sehemu yao. Kila mgeni uliyemuuliza anasimama badala ya watu 3 na kila mwenyeji badala ya 18, hesabu inakuwa 180 na 576, jumla 756 kati ya 6,000, kama asilimia 13. Na mimi ningekuwa katibu hiyo 13 ningeitaja mara moja tu, habari yenyewe ni kwamba upande mmoja ni asilimia 75 na upande mwingine ni 10. Huo ndo mgawanyiko mliokuwa mnautafuta, wastani wa chuo kizima ulikuwa umeukalia.

Na wale 400 ukishawapata usiwaachie linki tu ukalala, wafuate tena, kumbusha mara mbili tatu. Mia nne waliofuatwa wakajibu karibu wote nawaamini kuliko 900 waliojiletea wenyewe.

Anko habari. Tumeandaa maswali ya dodoso letu, naomba uyapitie. Moja: “Je, unakubali kwamba uongozi umeshindwa kushughulikia ubaguzi chuoni?” Mbili: “Unaridhika na hosteli na usalama?” Tatu: “Je, mikutano ya siasa ikatazwe chuoni?” Nne: “Je, wewe ni mbaguzi?” – Wa mwaka wa pili, kozi ya sosholojia

Nzuri. La nne limenichekesha, nani atatia tiki hapo? Nianze na la kwanza, hilo jibu limeshaandikwa ndani ya swali, mtu mpole atakubali tu ili mambo yaishe. Uliza “Uongozi unashughulikiaje malalamiko ya ubaguzi?” weka vizuri sana, vizuri, vibaya, vibaya sana, na usisahau “sijui”, maana wengi kweli hawajui na ukiwanyima hiyo watakubunia. La pili ni maswali mawili yamefungwa kamba moja, anayependa chumba chake ila anaogopa njia ya kurudi usiku ajibu nini? Yatenganishe.

La tatu ni zuri kulizungumza. Mwaka 1941 mtafiti Donald Rugg alichapisha jaribio lililofanyika Marekani kuhusu hotuba za kupinga demokrasia. Kundi moja waliulizwa kama hotuba hizo ziruhusiwe, asilimia 62 wakasema zisiruhusiwe. Kundi lingine wakaulizwa kama zikatazwe, waliosema zikatazwe walikuwa asilimia 46 tu. Jambo lile lile! Kukataza kunasikika kikali, kutoruhusu kunasikika kawaida. Kwa hiyo nusu ya fomu zenu wekeni “ruhusiwa” na nusu “katazwa” mlinganishe, au andikeni pande zote mbili ndani ya swali: “Wengine wanataka mikutano ya siasa iendelee chuoni, wengine wanataka isiwepo, wewe uko wapi?”

Na hilo la ubaguzi, usimuulize mtu yeye ni nani, muulize anafanya nini na nani. Miaka ya 1920 mwanasosholojia Emory Bogardus alitengeneza kipimo cha umbali kati ya makundi, anakupa ngazi: ungekubali mtu wa kundi fulani awe jirani yako, rafiki yako, shemeji yako, anapanda hivyo hivyo mpaka unapogoma. Chuoni ngazi zenu ni hizi: kuwa naye grupu moja la asaimenti, kukaa naye chumba kimoja, kumpigia kura awe rais wa wanafunzi, kumtambulisha nyumbani kama mchumba. Kuna watu watapanda ngazi ya kwanza vizuri kabisa wakifika kwenye chumba wanasimama. Ongeza na maswali ya vitendo, mfano wiki iliyopita ulisoma au kula na mtu asiye wa kabila, dini au kozi yako? Hilo lina ndiyo na hapana, na mtu hajioni kama anahukumiwa.

Mkiweza, kila swali la maoni liwe na pacha wake: wewe unaonaje, na unadhani wanafunzi wengi wanaonaje. Pale Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, watafiti Prentice na Miller walichapisha utafiti mwaka 1993 kuhusu pombe, wakakuta wanafunzi wanaamini wenzao wanaistahimili tabia ya unywaji chuoni kuliko wao wenyewe, yaani kila mtu anadhani yuko peke yake kwenye wasiwasi wake. Sishangai kabisa mkikuta hivyo hivyo kwenye ukabila au dini, kila mmoja yuko tayari kukaa na mwenzake ila ana uhakika mwenzake hataki. Hapo mgawanyiko upo kwenye kukisia zaidi kuliko kwenye mioyo, na tiba yake ni tofauti kabisa na ile ya watu wanaochukiana kweli.

Anko mambo. Sisi hapa watu wanaogopa, hata ukiwaambia ni siri hawaamini. Tufanyeje wajibu ukweli? – Msomaji wa siku nyingi

Poa. Wana haki ya kuogopa. Kwanza angalia fomu yako, Google Forms ina mpangilio wa kukusanya barua pepe, uzime, na ule wa jibu moja kwa kila mtu unamlazimisha mtu aingie na akaunti yake, hata kama barua pepe haisajiliwi yeye akiona jina lake pale juu anafunga anaondoka. Karatasi na sanduku bado zinafanya kazi vizuri, msizidharau.

Kwa swali zito kabisa kuna ujanja wa sarafu, wazo lake lilianzishwa na mtafiti Stanley Warner mwaka 1965 na baadaye likarahisishwa. Mtu anarusha sarafu mwenyewe, huoni. Ikiangukia kichwa anajibu “ndiyo” hata kama sio, ikiangukia upande mwingine anajibu ukweli. Swali liwe, mfano, umewahi kumkataa mtu kwenye grupu la kazi kwa sababu ya dini au kabila lake? Ukiwa na watu 400 unategemea kama 200 wamesema ndiyo kwa sababu ya sarafu tu. Ukipata ndiyo 260, zile 60 za ziada zinatoka kwa wale 200 waliojibu ukweli, ni asilimia 30. Na hakuna hata mmoja unayeweza kumnyooshea kidole. Gharama yake ni kwamba kosa linakuwa zaidi kidogo ya mara mbili, kwa hiyo utumie kwa swali moja, sio dodoso zima, na uwaelezee taratibu la sivyo watadhani ni mazingaombwe.

Ndugu Anko (samahani, nadhani nimekuzidi umri). Mimi ni mshauri wa wanafunzi. Baada ya uchunguzi wetu kuna mtu ameandika maneno makali sana kuhusu idara moja. Wakubwa wangu wanataka faili lote lenye majibu ili ajulikane. Tulikuwa tumeahidi usiri. Nishauri. – Mshauri

Shikamoo mzee wangu. Usitoe. Mkitoa hilo faili mwakani mtauliza mtajibiwa kila kitu safi, na kazi yako ya kusikiliza wanafunzi imeishia hapo. Wape jedwali la majumla, na maneno ya wanafunzi yahaririwe yasimtambulishe mtu.

Hata majumla yenyewe ni ya kuangalia. Faili halina majina lakini lina kozi, mwaka, jinsia na bweni, na ukiunganisha vinne hivyo mara nyingi unabaki na mtu mmoja. Msichana pekee wa mwaka wa nne kwenye kozi fulani anahitaji jina la nini tena? Mimi kundi likiwa na watu chini ya 10 silitoi peke yake kwenye jedwali, naliunganisha na lingine. Na mwakani punguzeni hayo maswali ya utambulisho, kama hamna mpango wa kulinganisha mabweni mnauliza bweni la nini? Wakubwa wakikubana mzee, waonyeshe ile karatasi ya ahadi mliyowasomea wanafunzi, na kama chuo kina kamati ya maadili ya utafiti wapelekee barua mapema kabla hawajakubana tena.

Anko maswali mangapi yanatosha? Na tukiweka zawadi ya vocha si watajibu wengi? – Wawili wa mwaka wa kwanza

Dakika 10 isizidi, mkipita hapo watu wanaanza kutia tiki safu moja kutoka juu mpaka chini. Kabla ya kusambaza wapeni watu kama 10 wasio marafiki zenu wajibu kwa sauti mbele yenu, mtashangaa wanavyoyaelewa maswali yenu. Zawadi wekeni tu, inasaidia, ila sehemu ya kuandika namba ya simu iwe kwenye fomu nyingine kabisa isiyounganishwa na majibu, na muwaambie hivyo kabla hawajaanza kujibu.