Maswali na majibu: Simu yangu imeshika mnara upi kati ya Malindi na Faza?

SWALI: Asalaam alaykum, fundi. Mimi ni mfanyabiashara wa mitandio na mabaibui. Kila mwezi husafiri kwa basi kutoka Malindi hadi Mokowe, kisha kwa boti hadi Amu na Faza. Njiani simu huonyesha kwamba netiweki imejaa, mistari yote ikiwepo, lakini nikijaribu kutuma pesa haziendi. Nilipakua programu ya kuonyesha minara, na tulipokuwa tukipita Mkanda ikanionyesha kwamba mnara ninaoutumia umesimama pale pale, mahali ambapo sikuona kitu ila mikoko na maji. Kijana mmoja wa simu mtaani kwetu ameniambia kwamba kwa shilingi 500 ataifunga simu yangu kwenye mnara ulio karibu zaidi ili isiwe ikirukaruka. Je, nitaujuaje kwa hakika mnara ninaoutumia, na je, nimlipe?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Usimlipe. Mipangilio ya kawaida ya simu haina mahali pa kuifunga kwenye mnara mmoja, na hata ingekuwa napo ungekuwa umejinunulia hasara, kwa kuwa mnara unaokufaa basi likiwa Gongoni hautakufaa likikaribia Garsen. Wanachofanya wengi wa hawa wanaojiita mafundi ni kuingia kwenye mipangilio ya mtandao na kuilazimisha simu itumie 2G peke yake, au 3G peke yake, kisha wanakurudishia wakisema imefungwa. Simu za namna hiyo huletwa mezani kwangu kila mara, na wenyewe hulalamika kwamba intaneti imekuwa nzito tangu mwezi uliopita, wasijue kwamba walilipa ili iwe hivyo. Simu yako ikiwa imekwisha kuguswa, fungua mipangilio, utafute aina ya mtandao, uirudishe kwenye chaguo la kujiendesha lenye 4G.

Kijana huyo anauza dhana ambayo hata watu waliosoma wanayo, nayo ndiyo inayonichosha kuliko zote katika kazi hii: kwamba simu hutumia mnara ulio karibu. Simu haijui mnara uko umbali gani. Inachojua ni sauti ipi inasikika vizuri zaidi kati ya zile za kampuni ya laini yako, na ni ipi ambayo mtandao wenyewe umeipa kipaumbele. Ukiwa umekaa bila kupiga wala kupokea, simu ndiyo huchagua, na haibanduki kwenye seli iliyoishika, yaani eneo linalohudumiwa na upande mmoja wa mnara, mpaka nyingine iizidi kwa kiasi kilichowekwa, kwa sababu isingekuwa hivyo ingehama kila dakika na kumaliza betri. Ukiwa katikati ya mazungumzo, uamuzi huondoka kwenye simu na kuwa wa mtandao. Ndiyo maana basi linaweza kuupita mnara kabisa, ukauona kwa macho yako dirishani, huku simu ingali imeshikilia ule ulioachwa nyuma.

Chukua mfano wa Amu, ambako unalala. Nyumba za mawe za Mkomani zina kuta nene za matumbawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo hupunguza mawimbi sana. Ukiwa chumba cha ndani unaweza kushika mnara mmoja kwa shida. Ukipanda darini, simu ikaona maji mbele yake bila kizuizi, inaweza kushika mwingine ulio ng'ambo, mbali zaidi, na ikazungumza nao vizuri kuliko ule wa jirani uliojificha nyuma ya kuta kumi. Isitoshe, antena haimwagi mawimbi pande zote sawasawa kama taa ya kandili. Mnara wa kawaida huwa na pande tatu, kila upande ukihudumia nyuzi 120 hivi, na antena huinamishwa kidogo kuelekea eneo lililokusudiwa. Anayesimama chini ya mnara, mgongoni mwa antena, anaweza kusikia hafifu kuliko aliye kilomita mbili mbele yake.

Kuhusu netiweki iliyojaa na pesa zisizokwenda, mistari ile hupima jinsi simu inavyousikia mnara. Haipimi kama mnara unaisikia simu, wala kama kuna nafasi, wala kama mnara wenyewe una njia ya kufikisha ujumbe mbele. Mnara hurusha kwa makumi ya wati, ilhali simu yako kwenye 4G kwa kawaida haizidi wati 0.2, kwa hiyo ni jambo la kila siku kwamba wewe unausikia nao haukusikii. Wavuvi wetu wanalijua hili bila kuambiwa sababu yake: katika 2G, mnara hupima ucheleweshaji wa mawimbi kwa hatua 64, kila hatua ikiwa na mita 550 hivi, na hatua hizo huishia takriban kilomita 35. Chombo kikivuka hapo, hata kama bahari tulivu imeyaleta mawimbi hadi kwenye simu na mistari inaonekana, simu haipigiki kwenye seli ya kawaida. Nako kwenye barabara ndefu kama ya Garsen kwenda Witu, mnara unaweza kuwa unawaka vizuri huku kiungo chake cha kuupeleka ujumbe kwenye mnara wa pili kimekatika, na simu yako haina namna ya kukuonyesha hilo kwa mistari.

Sasa namba. Kwenye simu nyingi za Android ukipiga *#*#4636#*#* utafunguliwa ukurasa wa majaribio, ingawa watengenezaji wengine wameufunga. Kwenye iPhone piga *3001#12345#* kisha ubonyeze kitufe cha kupigia. Utaona kwanza namba ya nchi, ambayo kwa Kenya ni 639, ikifuatwa na ya kampuni: 02 ni Safaricom, 03 ni Airtel, 07 ni Telkom. Kisha kuna namba ya eneo, inayoandikwa LAC au TAC, halafu namba ya seli yenyewe, inayoandikwa CI au Cell ID. Kwenye 4G namba hii ya mwisho ni ndefu, na ndani yake kuna namba mbili zilizounganishwa. Igawanye kwa 256. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, umesoma 10548994. Ukigawanya utapata 41207 na baki 2. 41207 ndiyo namba ya kituo, na 2 ni mojawapo ya seli zake. Mbele kidogo ukisoma 10548993, usiseme mnara umebadilika, kwa kuwa kituo bado ni 41207 na umehamia upande wake mwingine tu. Nina hakika kwamba nusu ya kule "kurukaruka" ulikoambiwa kuna kasoro ni mabadiliko ya namna hii, ambayo ndiyo kazi halali ya mtandao kwa mtu aliye safarini. Angalia pia RSRP, ambayo ni nguvu ya mawimbi ya 4G kwa desibeli hasi: kwenye -80 uko vizuri, -100 ni wastani, na ikipita -115 jiandae kusubiri.

Namba hizi hazisemi mnara uko wapi. Ni jina la seli, na ndani ya jina hilo hamna anwani. Programu uliyopakua haikuulizia kampuni. Ilichukua namba yako ikaitafuta kwenye hifadhi iliyojazwa na watu wa kawaida, kama OpenCelliD au CellMapper, ambao simu zao zilirekodi kwamba mahali fulani walisikia seli fulani. Mahali pa mnara hukadiriwa kutokana na vipimo hivyo. Mjini Nairobi, ambako vipimo vimetoka mitaa ya kila upande, makadirio hukaribia ukweli. Mkanda ni njia nyembamba ya maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, na anayepita pale yumo ndani ya chombo. Vipimo vyote vimechukuliwa majini, kwa hiyo wastani wake umeangukia majini. Programu ilikuonyesha walipokuwa abiria waliokutangulia, nawe ukadhani unaonyeshwa chuma na antena. Ukitumia programu hiyo hiyo barabarani utakuta minara mingi "imesimama" juu ya lami, kwa sababu hiyo hiyo.

Ukitaka kuujua mnara kwa hakika, hakuna njia ya mkato. Kuna miguu na daftari. Safarini andika jina la mahali, saa, namba ya kituo na RSRP, tuseme Mambrui, Marereni, Minjila, Witu, Hindi, gati la Mokowe. Usiiamini namba uliyoiona mara tu basi lilipopita kasi, kwa kuwa simu huweza kukuonyesha taarifa ya muda uliopita kabla haijajisasisha. Baada ya safari mbili tatu utajua ni wapi kila kituo huanza kusikika na wapi huzidi nguvu. Ukishuka mahali ambapo mnara unaonekana, uuzunguke kwa miguu ukiwa umbali wa mita mia tatu hivi. Ikiwa namba ya kituo inabaki ile ile huku baki zinapokezana, 1 kisha 2 kisha 3, umekwisha kuupata. Ikiwa baki nayo haibadiliki hata ukikamilisha mzunguko, simu yako inazungumza na mwingine, pengine kwa sababu mnara unaoutazama hauna antena za kampuni yako. Siku hizi mnara mmoja hubeba antena za kampuni mbili au tatu, na mwingine hubeba ya moja tu, na rangi ya chuma haikwambii. Kwa haja yako ya kutuma pesa, daftari hilo litakufaa kuliko ramani yoyote: utajua kwamba ukishapita mahali fulani ni heri usubiri, na kwamba simu ikiganda kwenye kituo cha nyuma, kuiweka katika hali ya ndege kwa sekunde kumi na kuiondoa huilazimisha itafute upya.

Nimelikazania jambo hili la nukta kwenye ramani kwa sababu madhara yake hayaishii kwenye shilingi 500. Bwana mmoja aliyeibiwa simu hapa Malindi alinijia na picha ya skrini aliyotengenezewa kibandani, ikiwa na nukta nyekundu katikati ya mtaa, na tayari alikuwa amekwisha kuamua ni kijana wa nyumba gani. Alikuwa na wenzake wawili mlangoni. Nilimwomba anionyeshe programu iliyotoa picha ile, na ikawa kama nilivyohofia: ilikuwa imewekwa kwenye simu ya fundi mwenyewe. Programu za namna hii husoma seli ya simu zilimowekwa, wala haziwezi kusoma ya simu nyingine iliyo mikononi mwa mwizi. Nukta ile ilikuwa makadirio ya mnara ambao simu ya fundi ilikuwa imeushika pale pale kibandani. Na hata ingekuwa seli ya simu iliyoibiwa, seli moja huweza kufunika mtaa mzima na mashamba yaliyo nyuma yake. Ndani ya eneo hilo mna mamia ya milango, na kijana yule alikuwa nyuma ya mmoja wao.

Nilimchukulia kiti, nikampigia hesabu ile kwenye karatasi mpaka wenzake nao wakaielewa, kisha tukaenda pamoja kituo cha polisi kuandikisha OB, yaani taarifa katika kitabu cha matukio. Kumbukumbu za simu ipi ilishika seli ipi ziko kwa kampuni ya mtandao peke yake, na hutolewa kwa wachunguzi kwa mujibu wa sheria. Anayekwambia kibandani kwamba anazo anakudanganya, au ameziiba. Polisi walimwomba namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe, naye hakuwa nayo. Yako utaipata sasa hivi ukipiga *#06#. Iandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lile lile la safari.